Tiketi ipo, mpelekaji haonekani

Mjini Brussels, mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuingia kwenye ukumbi wa tamthilia, tamasha la muziki au sinema kwa euro 1.25. Si ofa ya msimu. Mpango huu ulianza 1999, na shirika linaloundesha mpango huo, Article 27, lilichukua jina lake kwenye Azimio la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara inayompa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wa jamii yake na kufurahia sanaa. Katiba ya Ubelgiji nayo, tangu 1994, inataja haki ya kustawi kiutamaduni na kijamii katika ibara ya 23. Kwa upande wa sheria hatuna la kudai. Mambo hukwama njiani, kati ya tiketi na kijana wa familia zetu zilizotoka Kongo na Burundi.

Kijana huyo anaishi wapi? Si Matonge, mtaa wa maduka ya Kikongo, kama wageni wanavyodhani. Matonge tunakwenda kusuka nywele, kununua sombe na samaki wa kukausha, kisha tunapanda basi kurudi kulala kwingine. Mitaa ya kodi nafuu imejipanga kufuata mfereji: sehemu za Schaerbeek na Saint-Josse, Molenbeek ya chini, hadi Cureghem kule Anderlecht. Familia nyingi zilizotoka Bukavu, Uvira, Lubumbashi au Bujumbura zimepanga huko. Kutoka Cureghem hadi kumbi kubwa za katikati ya mji ni mwendo wa dakika chache tu kwa metro. Nauli nayo imelegea: Julai 2022 kadi ya mwaka ya STIB, shirika la usafiri la mji, kwa vijana wa Brussels wenye umri wa miaka 12 hadi 24 ilishushwa hadi euro 12. Kwa hiyo umbali hauwezi kuwa kisingizio.

Kizuizi ni jinsi tiketi inavyotolewa. Tiketi ya Article 27 hainunuliwi mlangoni hivi hivi. Hutolewa na washirika wa kijamii: CPAS (ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa), vituo vya afya vya mtaa, vyama vinavyofundisha watu wazima kusoma. Ukumbi hupunguza bei yake, mpango huziba pengo, na mwenye tiketi analipa ile euro 1.25. Umepangwa vizuri, ila lazima mtu aombe. Sasa mfikirie mama aliyekaa mbele ya ofisa wa CPAS kuomba msaada wa dhamana ya nyumba. Je, ataongeza na tiketi mbili za dansi kwa ajili ya binti yake? Hataongeza. Na baba anayefanya usafi wa ofisi alfajiri, mwenye mshahara mdogo lakini asiye na faili CPAS, hata hajui kwamba pengine naye anahusika.

Upande wa Waflemi waliitambua mapema aibu hii ya kuomba. Kadi ya UiTPAS, iliyoanza kujaribiwa Aalst mwaka 2012, haina tofauti kwa macho: ya mtoto wa daktari na ya mtoto wa mkimbizi zinafanana. Punguzo limefichwa ndani ya kadi, na aliye kaunta anaigusisha kwenye mashine bila kuuliza habari za nyumbani kwenu. Kila ukishiriki shughuli unapata pointi. Gharama ya punguzo hugawanywa: mtumiaji analipa kidogo, mwandaaji anabeba sehemu, serikali ya mtaa sehemu. Brussels kadi hiyo inaitwa Paspartoe. Tatizo ni kwamba mji huu una wizara mbili za utamaduni zisizosalimiana sana, na familia zetu, ambazo watoto wao husoma kwa Kifaransa, mara nyingi hazijawahi kuisikia. Hakuna sharti la kujua Kiholanzi ili kuipata.

Kuna na vya bure kabisa. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa saba mchana, Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa hufungua milango bila kiingilio, na Jumatano mchana ndio wakati shule za Ubelgiji zimefunga. Upande wa michezo si bure, lakini mutuelle nyingi (mifuko ya bima ya afya) hurudisha sehemu ya ada ya klabu. Fomu ni ukurasa mmoja, kocha anagonga muhuri. Nashangaa ni wazazi wangapi wanaolipa mutuelle kila mwaka bila kuidai pesa hiyo.

Lakini bei ikishuka, bado kijana haingii ukumbi ambao hajaona mtu wa kwao akiingia. Hapo ndipo maisons de jeunes (nyumba za vijana), zinazotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2000 na kupokea vijana wa miaka 12 hadi 26, zinapofanya kazi ambayo hakuna kadi inayoweza kuifanya. Vivyo hivyo Zinneke, maandamano ya sanaa yaliyoanza mwaka huo huo wa 2000 na kurudi kila baada ya miaka miwili: vikundi vya mitaa hushona mavazi na kutunga ngoma kwa miezi kadhaa kabla ya kuteremka katikati ya mji. Kijana aliyetoka huko hauogopi ukumbi wowote. Na kwenye sinema mtu wa kwao yupo tayari: Baloji, mwanamuziki na mwongozaji wa filamu, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Liège, alizawadiwa Cannes mwaka 2023 kwa filamu ya Augure, ambamo Kiswahili kinasikika. Ni vigumu kumweleza binti wa Molenbeek kwamba sinema za namna hiyo si zake.

Na sisi wenyewe? Tuna wapelekaji tayari: mwalimu wa kwaya, mpiga ngoma wa Kirundi, dada anayesaidia watoto kazi za shule Jumamosi. Wengi wao wana asbl (shirika lisilo la faida) iliyoandikishwa, iliyoundwa ili wapate kukodi ukumbi wa parokia. Asbl inayohudumia familia za kipato kidogo inaweza kuomba kuwa mshirika wa kijamii wa Article 27 na kugawa tiketi yenyewe, palepale baada ya mazoezi, bila faili wala dirisha la ofisi. Inahitaji mtu mmoja wa kushika hesabu, na mtu mzima wa kufuatana na vijana safari ya kwanza. Msimu wa kumbi huanza Septemba, na ofisi nyingi hulala Julai na Agosti, kwa hiyo maombi yapelekwe kabla shule hazijafungwa.