Kompyuta inawaka ila skrini nyeusi? Jaribu haya kabla ya kwenda kwa fundi

Wafanyabiashara wenzangu wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, hii ni kwa wale tunaouza mtandaoni kwa kompyuta za mtumba zenye Linux, iwe Ubuntu au Mint. Umefanya apdeti usiku, asubuhi oda za dagaa zinakusubiri, unawasha: nyeusi tii.

Mtu akikuambia skrini imekufa, usimwamini haraka. Kama nembo ya kampuni inaonekana mwanzoni halafu giza, skrini ni nzima. Mara nyingi shida ni driva ya kadi ya picha. Mafaili yako yapo, kwa hiyo usikubali ifutwe.

Zima, washa tena ukiwa umeshikilia Shift (nyingine unabonyeza Esc) mpaka menyu ya GRUB itokee. Ingia "Advanced options", chagua kerneli ya zamani. Ikifunguka, hudumia wateja kwanza, mengine baadaye.

Isipofunguka, rudi kwenye menyu, bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, kisha bonyeza F10. Maandishi yatatokea makubwa, usishtuke. Umeizuia driva ya picha kwa muda tu, ukizima na kuwasha neno hilo halipo tena.

Ukishaingia, fungua terminal uandike:

lspci | grep -E 'VGA|3D'

Ikisema Intel au AMD, driva imo ndani ya kerneli yenyewe, huna cha kudaunlodi. Mimi ningebaki na kerneli ya zamani mpaka apdeti nyingine ije. Nvidia ndiyo yenye maneno mengi. Kwenye Mint fungua "Driver Manager", kwenye Ubuntu "Additional Drivers", chagua iliyoandikwa recommended. Usikimbilie namba kubwa! Kadi kama GeForce GT 710 mwisho wake ni driva za 470, mpya zaidi ya hapo haziitambui.

Na umeme je? Ukikatika katikati ya apdeti na betri yako imechoka, kazi inabaki nusu. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, andika:

sudo dpkg --configure -a

Iache imalize, ndipo uwashe upya.

Kuna jambo jingine dogo, ila linakula hela. Skrini ikiwa ya njano njano jioni, hiyo si driva, ni "Night Light" imewashwa. Izime kabla hujahariri picha za vitenge. Ukirekebisha rangi kwenye skrini ya njano, picha inayomfikia mteja inakuwa na ubluu ambao kitambaa hakina, na akikirudisha, nauli ya basi ni juu yako.