Mitaa mikongwe ya Eastlands ni turathi inayohitaji kulindwa kabla ya tingatinga kufika

MGENI anayezuru Nairobi huelekezwa kwenye mbuga ya wanyama, makavazi na nyumba ya Karen Blixen. Ni nadra kuelekezwa Eastlands. Hata hivyo, huko ndiko Waafrika waliojenga jiji hili walikopangiwa kuishi enzi za ukoloni, na huko ndiko sehemu kubwa ya siasa za uhuru na michezo ya taifa hili ilikolelewa.

Mitaa hiyo sasa imo katika mipango ya ujenzi mpya. Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani imetajwa katika mpango wa kaunti wa kujenga upya nyumba kuukuu, na mwaka wa 2025 wakazi wa Makongeni walilipwa fedha ili wahame na kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Swali lililopo ni je, kitabaki nini cha kuonyesha kwamba watu waliwahi kuishi hapa, na ni nani atakayeamua?

Jibu moja linalotumiwa kwingineko duniani ni kutenga maeneo ya turathi. Eneo la turathi ni tofauti na jengo moja la kale lililozungushiwa ua na kutozwa kiingilio. Ni sehemu nzima yenye nyumba, vichochoro, masoko, viwanja na mahali pa ibada, ambayo kwa pamoja husimulia historia fulani huku watu wakiendelea kuishi na kufanya kazi humo. Nchini Marekani, ambako maeneo ya aina hii yalianza kutambuliwa kisheria mwaka wa 1984, serikali hailazimiki kununua ardhi. Wenyeji hubaki na mali yao, nalo shirika la eneo hilo huratibu ukarabati na utalii.

Kenya si mgeni wa fikra hii. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001. Anayekwenda Lamu hafuati jumba moja, bali mji mzima. Fedha zake humfikia mwenye nyumba ya wageni, nahodha, mpishi na fundi wa kuchonga milango. Nyumba ya kale inapoanza kumpa mwenyewe riziki, huacha kuwa mzigo, naye hupata sababu ya kuikarabati badala ya kuibomoa. Hivyo ndivyo utalii na uhifadhi vinavyotegemeana: uhifadhi humpa mgeni cha kutazama, naye mgeni huleta fedha za kuhifadhi.

Je, Eastlands ina nini cha kutazamwa? Tuanzie Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mapema katika miaka ya 1920, ambako waliruhusiwa kujijengea nyumba zao wenyewe. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwaka wa 1939, wengi wa wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo, mtaa ambao jina lake, kama inavyosimuliwa, linatokana na uamuzi mzito waliotakiwa kuufanya wa kuhama au kutohama.

Mbele kidogo ni Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 wenye nyumba za mawe na viwanja vya wazi vilivyopangwa kuzunguka ukumbi wa kijamii. Katika ukumbi huo, Aprili 23, 1950, kwenye mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh alitoa wito wa uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, na hakuachiliwa hadi mwaka wa 1961.

Majina yenyewe ni kumbukumbu. Kariokor linatokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kama lilivyo jina la Kariakoo, Dar es Salaam. Soko la Burma linawakumbusha watu askari waliopigana Asia katika vita vya pili. Mbotela na Ofafa ni majina ya wanasiasa wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika miaka ya 1952 na 1953. Uwanja wa City uliopewa jina la Joe Kadenge mwaka wa 2019 hauko mbali, wala Makavazi ya Reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Mgeni anaweza kuyazuru haya yote kwa siku moja.

Wanaodhani kwamba vyumba vya wafanyakazi haviwezi kuvutia watalii wautazame mtaa wa Soweto, Afrika Kusini. Nyumba ndogo ya matofali alimoishi Nelson Mandela huko Orlando West sasa ni makavazi, na barabara ya Vilakazi inayopita hapo imejaa mikahawa na wauzaji wa kazi za sanaa.

Sheria ya kulinda turathi kama hizi ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa. Wenye pingamizi hupewa nafasi ya kusikilizwa. Baada ya hapo, haliruhusiwi kubomolewa wala kubadilishwa bila idhini.

Ugumu uko kwenye mgawanyo wa majukumu. Katiba ya mwaka wa 2010 iliiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini ikazipa kaunti upangaji wa miji, makavazi na utalii wa mashinani. Mtaa kama Kaloleni unaangukia katikati. Pasipo ushirikiano wa pande hizo mbili, kila moja yaweza kuingoja nyingine hadi tingatinga lifike.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi. Wengi wa wakazi wa mitaa ya kaunti ni wapangaji, tofauti na Lamu ambako nyumba nyingi ni za familia. Mtaa ukipanda thamani kwa sababu ya utalii, faida yaweza kumwendea mwingine huku mpangaji akifukuzwa. Isitoshe, mwananchi anayeishi na majitaka mlangoni hawezi kuambiwa avumilie ili nyumba yake ipigwe picha. Nairobi inahitaji nyumba, na hakuna uhifadhi utakaofaulu kwa kulikana hitaji hilo.

Kwa hivyo, la muhimu ni mpangilio wa hatua. Kwanza, majengo na viwanja vyenye historia viorodheshwe, na masimulizi ya wazee yarekodiwe wangali hai. Pili, ukumbi wa Kaloleni na safu kadhaa za nyumba za kila enzi zitangazwe turathi kabla michoro ya maghorofa haijaidhinishwa. Tatu, mikataba ya ujenzi iwahakikishie wapangaji nafasi ya kurejea, na vijana wa mitaa hiyo wafunzwe kuwa waongozaji wa wageni.

Ghorofa jipya linaweza kujengwa kando ya nyumba kuukuu. Lakini nyumba iliyobomolewa haihifadhiki tena, na mtaa uliofutwa hauna cha kumwonyesha mgeni wala mjukuu.