Wakili hafundwi na vitabu pekee

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza khalati yangu kwenda kwa wakili. Khalati ana nyumba mtaa wa Majengo, hapa Mombasa, aliyoirithi kwa mamake. Nyumba ni yake, kiwanja si chake. Kila mwezi hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, kama alivyolipa mamake kabla yake. Siku hiyo alikuwa na barua mkononi: kiwanja kimeuzwa, na mwenyewe mpya amtaka aondoke.

Wakili alikuwa kijana mwenye adabu zake, aliyemaliza masomo karibuni. Akaisoma barua, kisha akauliza, “Mama, hati miliki iko wapi?”

“Hati ya nini, mwanangu? Nyumba ni yangu, ardhi ni ya watu.”

Kijana akanyamaza. Halafu akaeleza, kwa upole, kwamba kisheria jengo lililoshikana na ardhi huwa ni la mwenye ardhi. Khalati akanigeukia: “Huyu asema nyumba ya mamangu si yetu?”

Simlaumu kijana. Alisema alichofundishwa, na kanuni hiyo ipo kweli katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza. Lakini hapa Mwambao, tangu jadi, mtu huweza kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwenziwe, na mnazi ukawa na mwenyewe asiyekuwa mwenye shamba. Nyumba hizo huuzwa, hurithiwa na hata kuwekwa rahani. Kijana hakuwahi kuketi na mtu mwenye shida ya namna hiyo. Mara ya kwanza ilikuwa siku hiyo, na aliyekuwa mbele yake ni mama anayeogopa kufukuzwa.

Basi ni vyema tujue wakili hutengenezwaje. Nchini Kenya, mwanafunzi husoma shahada ya sheria kwa miaka 4 chuo kikuu. Baada ya hapo huenda Kenya School of Law, Nairobi, kwa mafunzo ya uwakili, na hukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Hufanya mitihani, akifaulu huapishwa. Kwa wengi, hiyo miezi 6 ndiyo mara ya kwanza kukutana na kazi yenyewe. Na mengi hutegemea ofisi aliyoangukia: mmoja hufunzwa kuandika hati na kusikiliza wateja, mwingine hubeba mafaili na kutoa nakala.

Dawa ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1933, mwanasheria wa Marekani Jerome Frank aliandika makala akiuliza kwa nini shule za sheria zisiwe na kliniki. Hoja yake ilikuwa nyepesi: daktari hasomi vitabu tu kisha akapewa kisu. Huzunguka wodini na mwalimu wake, akaona wagonjwa wangali hai. Kliniki ya sheria ni hivyo hivyo. Mwananchi asiye na pesa za wakili huja na shida yake. Mwanafunzi humsikiliza, huandika maelezo, hutafuta karatasi, hutayarisha barua. Wakili mwenye leseni humsimamia na kukagua kila hatua kabla kitu hakijatoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vikuu kuwa miongoni mwa wanaoweza kutoa msaada huo, vikisha kuidhinishwa.

Lakini kliniki yenye wanasheria watupu haitoshi, kwani shida za watu haziji zimegawanywa kwa somo. Tuchukue mirathi. Mume amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mbele ya kadhi mali hugawanywa mafungu 24: mke 3, mwana wa kiume 14, wa kike 7. Hesabu imekwisha, ugomvi ndio waanza, kwa sababu mali yenyewe ni nyumba moja. Nani aithamini? Nani anunue fungu la mwenziwe? Hapo yahitajika mthamini, mpima ardhi, na mtu ajuaye kusuluhisha ndugu.

Kesi kubwa za Pwani zatufunza hayo hayo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walioathirika na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kiwanda cha betri kuukuu. Shauri hilo likapanda hadi Mahakama ya Juu. Wakili wa kesi kama hizi lazima aelewe mvuvi anaposema samaki wamehama, na aelewe daktari anaposoma vipimo vya damu. Asipoelewa, hata swali la kumuuliza shahidi hatalijua.

Wapo watakaosema huku ni kufanyia maskini majaribio. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana usimamizi si jambo la hiari, na siri ya mteja ni siri hata kwa mwanafunzi. Wengine watasema gharama ni kubwa, kwa kuwa mwalimu mmoja hawezi kusimamia wanafunzi mia kwenye kliniki. Ni kweli. Lakini gharama ya wakili asiyejua kazi haipotei, hulipwa na mteja.

Kwa hivyo, mzazi unayempeleka mwanao kusoma sheria, usiulize karo pekee. Uliza: je, chuo kina kliniki? Mwanafunzi huanza kukutana na watu mwaka gani? Je, hupelekwa afisi ya ardhi, korti ya kadhi, vijijini? Na vyuo vilivyoko huku kwetu vikumbuke kwamba darasa la pili liko nje ya lango lao.

Ama khalati, tulikwenda ofisi nyingine. Karani mmoja mzee, asiyekuwa wakili, ndiye aliyeuliza swali lililofaa: “Risiti za kodi ya ardhi unazo?” Khalati akatoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na risiti tangu enzi za mamake, zimefungwa kwa uzi. Kwa risiti hizo wakili wa ofisi ile akapata pa kuanzia mazungumzo. Shauri halijaisha, lakini khalati bado alala nyumbani kwake.

Swali la karani halikutoka kitabuni. Lakini lingeweza kufundishwa.