Kanivali ya Trinidad kwa Wanaoishi Mashuani

Ghuba ya Chaguaramas, iliyo magharibi ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, hupokea wanandoa wengi waliofanya mashua ya matanga kuwa nyumba yao, kwa kuwa vimbunga vya Juni hadi Novemba hukifikia kisiwa cha Trinidad kwa nadra, na baadhi yao hupanga safari ili wawepo wakati wa kanivali, yaani sherehe ya Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu. Mume na mke hushuka pwani usiku kuiwahi juvei, maandamano ya alfajiri ambamo watu hujipaka matope na rangi hata mgeni asitofautishike na mwenyeji, na tope hilo hurudi nao hadi kwenye kamba za mashua. Kinachostahili heshima zaidi ni chimbuko la kanivali hii: Waafrika waliotoka utumwani mwaka 1838 waliifanya sherehe hiyo kuwa yao, na ngoma zao zilipozuiwa na wakoloni wa Kiingereza, wakapiga mianzi, na wajukuu wao wakageukia mapipa ya mafuta, ambayo vitako vyake hugongwa kwa nyundo hadi vibonyee kama bakuli, kila sehemu ikitoa sauti yake.