Kwa Baiskeli Kando ya Mto Duero

Mto Duero huchimbuka kwenye milima ya Urbión, kaskazini mwa Hispania, katika mwinuko unaozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baada ya safari ya takriban kilomita 897 humwaga maji yake katika Atlantiki, kwenye jiji la Porto nchini Ureno. Kabla ya kufika mpaka wa Ureno hupita katika uwanda wa juu wa Castilla, nchi ya ngano, misonobari na mizabibu, yenye vijiji vingi na watu wachache. Kwa anayependa kusafiri kwa baiskeli kwenye lami, ni vigumu kupata bonde linalomfaa zaidi ya hili, wala si kwa sababu ya mandhari peke yake. Miji yake ilijengwa kulinda vivuko na madaraja, zama ambazo msafiri alikwenda kwa miguu au juu ya nyumbu. Ndiyo maana kutoka mji hadi mji ni kilomita 15, 30 au 40, mwendo ambao baiskeli huumaliza kwa saa moja hadi tatu.

Mji wa Soria, ulio karibu na mwanzo wa mto, uko mita 1,060 hivi juu ya bahari. Zamora, iliyo karibu na mpaka, iko mita 650. Mteremko wa mita 400 uliotandazwa kwenye zaidi ya kilomita 300 hauhisiwi miguuni. Jasho hutoka pale barabara inapouacha mto na kupanda kwenye tambarare iliyo juu ya bonde, mita 100 au zaidi kwa mpigo mmoja, kisha ikashuka tena kwenye kijiji kinachofuata. Mgumu zaidi ya vilima ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na kwa kuwa mto nao unaelekea magharibi, anayeshuka nao huweza kupigwa usoni siku nzima. Wenyeji waendesha baiskeli huondoka alfajiri kwa sababu hiyo, kabla upepo haujaamka.

Barabara kuu ya bonde ni N-122, inayounganisha Soria, Aranda de Duero, Valladolid na Zamora. Malori mengi hupita humo, na haifai kwa baiskeli. Vipande vyake vimekuwa vikigeuzwa hatua kwa hatua kuwa barabara ya njia nne iitwayo A-11. Lakini kando yake, upande huu na ule wa mto, zimebaki barabara ndogo za mkoa zinazopita kijiji kwa kijiji, zenye lami nzuri na magari machache sana. Mkoa wa Soria una wakazi wapatao 9 tu kwa kila kilomita moja ya mraba, na inawezekana kabisa kukanyaga pedali asubuhi nzima na kupishana na magari ya kuhesabika kwa vidole.

Sheria za Hispania nazo zinamlinda mpanda baiskeli kwa dhati. Dereva anayempita lazima aache nafasi isiyopungua mita 1.5 ubavuni, na anaruhusiwa kuvuka mstari mzima wa katikati ya barabara ili aiache, mradi hakuna gari linalokuja mbele. Tangu mwaka 2022, barabara ikiwa na njia mbili kwa kila upande, humlazimu kuhamia njia nyingine kabisa. Waendesha baiskeli wanaweza kwenda wawili wawili sambamba. Wajibu wao ni kuvaa kofia ngumu nje ya miji, kuwasha taa na kuvaa nguo ya kuakisi mwanga usiku, na kutozidi kiwango cha pombe kilichowekwa, maana sheria hiyo inawahusu wao sawa na madereva. Katika bonde la mvinyo kama hili, sharti hilo la mwisho lina uzito wake.

Safari huanzia kwenye misitu ya misonobari ya Duruelo na Covaleda, ambako Duero bado ni kijito cha kurukwa. Karibu na hapo, juu ya mji wa Vinuesa, kuna ziwa dogo la milimani liitwalo Laguna Negra. Mpando wa kulifikia ni mkali hasa mwishoni, na umewahi kuwa mwisho wa hatua za Vuelta a España, mwaka 2020 na tena 2023. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1935, ndiyo makubwa kuliko yote ya baiskeli nchini humo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ameyashinda mara 2.

Kabla tu ya Soria, kwenye kilima cha Garray, kuna magofu ya Numancia. Wenyeji wake waliwashinda Warumi mara kadhaa, hadi jemadari Scipio Aemilianus alipoamua kutopigana nao. Aliuzungushia mji ukuta, na mtoni, ambako wapiga mbizi na mashua walikuwa wakipitisha chakula, akaweka magogo yaliyochomekwa visu na mikuki, yakizungushwa na mkondo wa maji. Njaa ikafanya iliyobaki. Mji ulianguka mwaka 133 kabla ya Kristo, na wengi wa watu wake walijiua badala ya kuwa watumwa. Soria yenyewe ni mji mtulivu. Mshairi Antonio Machado alifundisha Kifaransa hapo kuanzia mwaka 1907, akamwoa Leonor Izquierdo, na akaondoka mwaka 1912 baada ya kifo cha mkewe. Tangu hapo kingo za Duero hapa zimekuwa mahali pa hija kwa wapenda mashairi. Ng'ambo ya daraja kuna mabaki ya nyumba ya watawa ya San Juan de Duero, ambayo ua wake una matao ya mitindo minne tofauti, mengine yakipishana na kufumana kwa namna inayoonyesha wazi mkono wa mafundi waliojifunza ujenzi wa Kiislamu.

Mkono huo unaonekana bonde zima, na hapo ndipo historia ya mto huu inapoeleweka. Kutoka Soria, Duero huenda kusini, kisha kwenye mji wa Almazán hugeuka kuelekea magharibi. Katika karne ya 10 mstari huo wa maji ulikuwa mpaka. Kaskazini walikaa Wakristo wa León na Castilla. Kusini lilitawala dola la makhalifa wa Córdoba. Mpaka wenyewe haukuwa umetulia. Ngome zilitekwa, zikatekwa tena, zikabomolewa na kujengwa upya na kizazi kilichofuata. Minara ya ulinzi ya mawe, mingi ikiwa bado imesimama peke yake juu ya vilima, ilipashana habari kwa moshi mchana na kwa moto usiku. Anayepita kwa baiskeli hutambua mpango wake bila kuambiwa, kwani huona mnara mmoja kwa muda mrefu kabla haujatokea wa pili.

Ngome kubwa kuliko zote hizo ni ya Gormaz, kati ya Berlanga de Duero na El Burgo de Osma. Huonekana kutoka mbali sana, ukuta mrefu mwembamba uliokalia mgongo wa kilima, mita 100 hivi juu ya mto. Ilijengwa upya na kupanuliwa takriban mwaka 965, wakati wa Khalifa al-Hakam II, na kuta zake zenye minara zaidi ya 25 zina mzunguko unaozidi kilomita moja. Haikuwa makao ya fahari. Ilikusudiwa kukusanya majeshi na kutisha. Lango lake la kusini, lenye tao kubwa la umbo la kiatu cha farasi, ni kazi ya mafundi wa dola lile lile lililojenga msikiti mkuu wa Córdoba. Mwaka 1060 ngome iliingia mikononi mwa Mfalme Fernando I wa León, na mpaka ulipozidi kusogea kusini ikapoteza kazi yake. Leo chini yake kuna kijiji kidogo tu. Barabara ya kupanda hadi langoni ni fupi lakini kali, na gia ndogo kabisa huhitajika. Asiyekuwa nayo atasukuma baiskeli, na hakuna aibu, kwa sababu kilima kilichaguliwa makusudi ili kisipandike.

Kilomita chache kusini mwa Berlanga kuna kikanisa cha San Baudelio, cha karne ya 11. Kwa nje ni mchemraba wa mawe usiovutia. Ndani, nguzo moja imesimama katikati na kutawanya matao yake darini mithili ya mtende. Kuta zilikuwa na michoro ya wawindaji, ngamia na hata tembo aliyebeba ngome mgongoni. Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya michoro hiyo ilibanduliwa ikauzwa Marekani. Ngamia yuko New York hadi leo; tembo alirejea Hispania na yuko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Kilichobaki kikanisani ni alama zake hafifu kwenye chokaa, na hasara hiyo inauma zaidi mtu akiwa amesimama mahali penyewe.

Baada ya El Burgo de Osma, yenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1232, na San Esteban de Gormaz yenye daraja refu la mawe, bonde hupanuka. Hapa msafiri inambidi ajipange. Vijana wamehamia Madrid, Zaragoza na Valladolid tangu katikati ya karne ya 20, na vijiji vingi havina tena duka wala baa. Karibu kila kimoja kina bomba la maji uwanjani, lakini kibao chenye maneno "no potable" kinaonya kuwa maji hayo si ya kunywa. Penye maduka, hufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, wakati ambao wenyeji hula chakula chao kikuu na kupumzika. Chakula cha jioni mikahawani huanza saa 3 usiku. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti jua huchoma na kivuli ni adimu, na majira ya baridi huleta barafu barabarani.

Kutoka San Esteban hadi nje kidogo ya Valladolid mizabibu huanza kushindana na ngano. Eneo hili, Ribera del Duero, lilipewa jina rasmi la asili la mvinyo mwaka 1982, ingawa Vega Sicilia, shamba lake mashuhuri, lilianza mwaka 1864. Siri yake ni mwinuko. Mizabibu iko mita 700 hadi zaidi ya 850 juu ya bahari, ambako mchana wa kiangazi huwa mkali na usiku baridi, na tofauti hiyo huipa zabibu ganda nene na rangi nzito. Chini ya mitaa ya Aranda de Duero yamechimbwa mahandaki ya kuhifadhi mapipa, na juu yake mikahawa huoka mwanakondoo katika tanuri za kuni. Peñafiel, kilomita 40 hivi mbele, ina ngome nyembamba yenye urefu wa mita 200 na ushei juu ya kilima, ambayo ndani yake kuna makumbusho ya mvinyo.

Tordesillas ni mji mdogo juu ya ukingo wa mto, na mwaka 1494 ulitoa uamuzi uliofika hadi Pwani ya Afrika Mashariki. Wajumbe wa Hispania na Ureno walikutana hapo na tarehe 7 Juni walitiliana saini mkataba wa kugawana bahari na nchi ambazo Wazungu walikuwa hawajazifikia. Mstari ulichorwa zaidi ya maili elfu moja magharibi mwa visiwa vya Cape Verde. Magharibi yake ikawa ya Hispania, mashariki yake ya Ureno. Wenye nchi hizo hawakuulizwa. Miaka 4 baadaye Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na mwaka 1505 meli za Wareno zilipora Kilwa na Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ina mzizi wake katika karatasi ya Tordesillas. Majengo yanayohusishwa na mazungumzo hayo bado yapo, yakiutazama mto.

Toro, iliyo juu ya genge la udongo mwekundu, na Zamora, yenye makanisa zaidi ya 20 ya karne ya 11 hadi ya 13, ni siku moja ya utulivu kwa baiskeli. Kuba la kanisa kuu la Zamora, lililojengwa katika karne ya 12, limefunikwa kwa mawe yaliyopangwa kama magamba ya samaki, na chini yake mtoni vinu vya zamani vya kusagia nafaka vimekarabatiwa.

Baada ya Zamora mto hubadilika. Kwa zaidi ya kilomita 100 huwa ndio mpaka wa Hispania na Ureno, na umejichimbia korongo lenye kina kinachofika mita 400 mahali pengine. Korongo hilo liliwavutia wahandisi wa umeme, na bwawa la Aldeadávila, lililokamilika katika miaka ya 1960, ni miongoni mwa makubwa ya Hispania. Barabara haiwezi tena kufuata maji. Hukaa juu, kati ya mizeituni na kuta za mawe za mashamba, na kila anayetaka kuuona mto hushuka kwa mizunguko mikali kisha hulipa kwa kupanda. Breki zikaguliwe kabla ya hapo. Anayetaka kuendelea hadi Porto huvuka juu ya mojawapo ya mabwawa, kama lile la Miranda do Douro, na kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja.