Watumiaji na Programu Huria: Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watumiaji wa kawaida wanavyoweza kuvutwa kuchangia programu huria, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzisambaza. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Sivyo. Maneno yanayosomwa kwenye skrini nayo ni sehemu ya programu, na hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini programu haisimami mahali pamoja. Mwaka 2010 baadhi ya watengenezaji wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na kila toleo jipya huja na sentensi mpya za kutafsiriwa. Mradi una mwisho wake. Anayebaki ni mtumiaji.

Je, mtumiaji avutwe vipi? Kwanza, aombwe kazi ndogo. Katika Pontoon, mfumo unaotumiwa kutafsiri programu za Mozilla kama vile Firefox, mchangiaji hupewa sentensi mojamoja na kuandika pendekezo, nalo hupitiwa na mwenye mamlaka kabla ya kukubaliwa. Katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti, mmoja husoma sentensi na wengine husikiliza ili kuithibitisha. Dakika kumi zinatosha. Pili, mchangiaji ajibiwe mapema, na pendekezo lake likikataliwa aelezwe sababu. Anayenyamaziwa harudi tena. Tatu, atambuliwe kwa jina. Nne, aombwe kile anachokijua vizuri.

Sisi tunajua nini? Tuchukue mfano. Fundi huandika sentensi moja yenye pengo: “… imefutwa”, kisha kompyuta hujaza nomino. “Picha imefutwa” ni sahihi. Lakini “ujumbe imefutwa” na “jedwali imefutwa” ni makosa, kwa kuwa ujumbe umefutwa na jedwali limefutwa. Kifaransa kina jinsi mbili tu za nomino. Kiswahili kina ngeli nyingi. Fundi asiyejua ngeli hawezi kuliona kosa hilo, ilhali mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huliona mara moja. Vivyo hivyo, neno la Kifaransa “enregistrer” huweza kuwa kuhifadhi, kurekodi au kusajili. Anayejua lipi linafaa ni yule aliyebonyeza kitufe na kuona kilichotokea.

Hapa Cibitoke, kama katika mitaa mingine ya Bujumbura, mtu huweza kununua vocha kwa Kiswahili, akaongea na jirani kwa Kirundi, kisha akaandika barua kwenye kompyuta inayomwamuru kwa Kifaransa. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu. Tusipochangia, istilahi zitaamuliwa na wengine, na sauti ya Mrundi anayesema Kiswahili haitasikika ndani ya mashine hizo.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi lifuatalo. Kila mwanafunzi atafute katika programu huria sentensi moja ya Kiswahili yenye kasoro, aandike sahihisho na sababu yake ya kisarufi. Darasa lijadili, mwalimu apitie, kisha pendekezo lipelekwe kwa wahusika kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Hapo sarufi itakuwa imetoka kwenye daftari na kuingia kazini.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karibuni tushirikiane.