Betri zimechoka, mgonjwa anasubiri: ununue mpya au uende hivyo hivyo?

HIVI msomaji wangu, umewahi kushika laki tano mkononi, ukazihesabu mara mbili, halafu usijue uzipeleke hospitali au duka la betri? Usicheke. Ndiyo kasheshe iliyoikumba familia yetu masika yaliyopita. Na kwa kuwa mjini hapa kila ukoo una gari lake moja kuukuu ambalo ndilo ambulensi ya wote, nimeona niyamwage yote hapa, labda yatamsaidia mtu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser la baba mdogo. Alilinunua Arusha kwa watu wa utalii waliokuwa wamelichoka. Ni la dizeli, gia za mkono, nyuma limefungwa kitanda, kabati na friji dogo. Zamani Wazungu walilala humo porini wakinywa vitu vya baridi. Siku hizi linabeba maharusi, magunia ya mkaa na wagonjwa. Magari ya namna hii huwa na betri mbili: moja ya kupiga stata, nyingine ya kulisha friji na taa za ndani watu wakiwa wamelala. Zetu zote mbili zilikuwa zimevuka miaka minne. Kwa joto la Dar huo ni uzee kabisa, maana betri za kawaida za gari huenda miaka 3 hadi 5, na kinachozila ni joto. Ulaya baridi ya asubuhi huifichua betri mbovu, hapa kwetu jua linaitafuna polepole kutwa nzima na wewe huna habari.

Simu ikaja Jumatano jioni kutoka Liwale. Bibi, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, kidonda chake cha mguu kimebadilika rangi na kimeanza kunuka, na insulini imebaki ya siku chache tu. Anayeijua kisukari anajua kuwa kidonda cha mguu hakisubiri mwisho wa mwezi, kinaweza kuondoka na mguu wenyewe. Ilibidi afuatwe na aletwe Dar akiwa amelala, mguu umeinuliwa. Kwenye basi haiwezekani. Gari lenye kitanda tulikuwa nalo moja tu, na asubuhi hiyo hiyo lilikuwa limewaka kwa taabu: nge... nge... nge... halafu kimya, halafu likakubali.

Kama hujawahi kwenda Liwale, sikiliza. Dar hadi Nangurukuru ni lami, kama kilomita 300 hivi. Hapo unaiacha barabara ya Lindi, unakata kulia, na mbele yako kuna kilomita 200 na ushee nyingine, ambazo sehemu kubwa sisi tuliikuta ni udongo. Mvua ikinyesha udongo huo unakuwa sabuni. Na hata hiyo lami si ya kutamba nayo: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, abiria wakakwama njiani siku kadhaa. Kwa hiyo swali la betri halikuwa la kujipendekezea gari.

Usiku ule nyumbani kukawa na kambi mbili. Mama akasema zinunuliwe mpya zote mbili, tena kesho asubuhi. Bei tuliyoulizia ilikaribia laki tano kwa zote. Baba mdogo akaruka.

"Shemeji, hiyo laki tano ndiyo ya hospitali. Tukifika na mgonjwa, tutawaonyesha madaktari betri?"

"Na likizima porini je?"

"Tutalisukuma."

Hapo baba mdogo alikuwa na hoja, tusimwonee. Dizeli ya zamani isiyo na kompyuta, tena ya gia za mkono, ukiisukuma ikapata mwendo kidogo, ukaachia klachi, inawaka. Automatiki thubutu. Ila nani wa kusukuma? Baba mdogo mwenyewe yuko kwenye usukani. Wanaobaki ni mama, mimi, na bibi kitandani. Gari tupu tu linapita tani mbili. Kwenye tope, mlimani, usiku!

Mimi nikasema kabla hatujagawana ukoo, twende zikapimwe. Alhamisi saa mbili asubuhi nikawa Gerezani na baba mdogo kwa fundi umeme wa magari, kijana mmoja mpole, mikono imeliwa na asidi.

Kwanza hakugusa kipimo. Alifungua boneti akaangalia vichwa vya betri, akatuonyesha unga mweupe uliojijenga pale waya unapokaza. Akavisugua kwa brashi ya waya na maji ya moto. Anasema watu wengi wananunua betri mpya wakati ubovu ni uchafu huo tu, umeme haupiti. Kisha akawasha gari, akaweka mita: volti 14.1. Maana yake altaneta inachaji vizuri, isingekuwa na maana kununua betri mpya ikauawe na altaneta mbovu. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi injini ikiwa inaunguruma.

Gari likazimwa, tukanywa chai, likapoa. Betri ya stata ikasoma volti 12.4. Baba mdogo akatabasamu, maana betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7, na hiyo ya kwetu ilikuwa karibu karibu. Fundi akamwambia, "Mzee, usifurahi bado. Hiyo ni volti ya kulala."

Akachukua haidromita, kile kichupa cha kioo chenye mpira wa kunyonyea juu, akaanza kuonja asidi tundu moja moja. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Chumba kilichojaa chaji husoma kama 1.265, kilicho nusu kama 1.190. Vyumba vitano vyetu vilisoma 1.240. Kimoja, cha pili kutoka mwisho, kikasoma 1.150. Fundi akanyamaza, akarudia. Ile ile. Akasema vyumba vikipishana zaidi ya 0.050, kile kilicho chini kimekufa au kiko njiani, na hakuna chaji itakayokirudisha.

Mwisho akaleta kifaa chenye meno mawili kama uma, akakibana kwenye vichwa vya betri. Hicho kinaivuta betri kwa nguvu sekunde 15, kama stata inavyoivuta, na chenyewe kinapata moto kama pasi. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6. Yetu haikumaliza hata sekunde 10, ikawa 8.7. Baba mdogo hakutabasamu tena.

"Hiki ni kimeo, mzee. Kinawaka mjini kwa sababu injini haijapoa sana na wewe unalizima mara mbili kwa siku. Kikikataa, kitakataa moja kwa moja."

Jamaa wa meza ya pili akadakia kuwa yeye anaweza kuifufua kwa elfu ishirini, anamwaga asidi yote anatia mpya. Huo ni usanii mtupu, msomaji wangu, usiingizwe mjini. Asidi mpya itafanya haidromita isome vizuri, lakini sahani za risasi ndani zimeshaliwa na kuota ukoko. Unapata kipimo kizuri na gari lisilowaka. Kinachoongezwa kwenye betri nzima iliyopungua ni maji ya betri, yale yaliyochujwa, basi.

Ikabaki betri ya pili, ya friji. Na hapa ndipo mimi na mama tulipopishana, na mpaka leo hatujapatana.

Betri ile ilikuwa ya ampea 100 kwa saa. Betri za risasi hazipendi kukamuliwa mpaka mwisho, kwa hiyo hesabu nusu tu, 50. Friji dogo kama letu linavuta ampea 4 hivi likiunguruma. Hamsini gawanya kwa nne, ni saa 12, usiku mzima. Ya kwetu, tulipoliwasha friji injini ikiwa imezimwa Jumatano usiku, ilikata baada ya saa tatu. Imekufa robo tatu, hakuna ubishi.

Mama anasema: kama imekufa, si ndiyo inunuliwe? Insulini ya bibi itakaa wapi? Nami nikamwambia, gari likitembea friji linakula umeme wa altaneta, betri hiyo haina kazi. Ina kazi tukilala tu. Na insulini haihitaji friji la laki mbili na nusu kwa safari ya siku mbili. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, na deli lenye barafu linatosha, mradi insulini ifungwe kwa kitambaa isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika, ni ya kutupa. Iliyoanza kutumika, aina nyingi hukaa nje ya friji kama wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Karatasi iliyo ndani ya boksi inaeleza, isome. Vijijini kuna watu wanaihifadhi kwenye mtungi wa udongo ulioloweshwa miaka nenda rudi.

Kwa hiyo tukanunua moja, ya stata. Dukani nilihakikisha tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri inajimaliza yenyewe hata ikiwa rafuni, na ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa inaanza kuota ukoko kabla hujailipia. Nikamwambia muuzaji aibane na ule uma mbele yangu. Alininunia, akabana. Ikashika juu ya volti 10. Kadi ya dhamana ikapigwa mhuri, na ile kuukuu wakaichukua dukani kwa kupunguza bei.

Ile ya friji fundi aliichomoa waya kabisa. Ukiacha betri mgonjwa imeunganishwa na nzima, mgonjwa anainyonya nzima usiku kucha. Tukachukua deli, tochi mbili za kuchaji na waya za kubusti. Jumla ya kilichobaki, laki mbili na nusu na senti kidogo, mama akakifunga kwenye kanga.

Tuliondoka Ijumaa saa kumi alfajiri. Mbele ya Njinjo tulikuta lori limelala katikati ya njia, tukakaa nyuma yake saa tano, injini imezimwa, taa za tahadhari zinawaka muda wote kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Lori lilipovutwa, baba mdogo akageuza ufunguo na gari likawaka mara moja. Hakusema kitu. Barafu ndani ya deli ilikuwa bado vipande. Bibi tulimpandisha Jumamosi asubuhi, Jumapili usiku alikuwa wodini Dar. Walikata vidole viwili. Mguu umebaki, na anatembea na fimbo uani akigombana na kuku.

Ile kanga ilifunguliwa usiku ule ule wa Jumapili, na kufika Jumatatu mchana ilikuwa tupu: vipimo, dawa, vifaa vya kufungia kidonda. Mama mpaka leo anasema ilikuwa bahati, kwamba lori lingekaa siku tatu kama watu wa Somanga walivyokaa, tungeniona mimi na deli langu. Simbishii. Siku tatu zingenishinda kweli.

Betri ya friji bado iko uani chini ya ngazi, imefunikwa na gunia. Watoto wamekatazwa kuigusa. Wanaofikiri ni woga wa bure waulizie habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi kijijini, watoto wakaugua. Kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya kuvutana kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo Desemba 2024. Baba mdogo ataipeleka dukani siku atakayopata pesa ya kununua nyingine, na wale wa vyuma chakavu wanaopita na mkokoteni ameshawaambia wasipige hodi.